Jinsi ya kuiandaa bidhaa ikidhi kiwango na ivuke mpaka: mwongozo kamili

Bidhaa nyingi zinazokataliwa maabara au kuzuiwa forodhani si mbovu. Zimetengenezwa na watu wanaoijua kazi yao, ila kiwango kimesomwa mwishoni, mali ikiwa imeshafungashwa. Wengine wamesoma kiwango kisichowahusu. Wengine wamepeleka sampuli isiyofanana na mali iliyopakiwa, na wengine wanashika cheti cha kitu kingine kabisa. Makosa ni yaleyale kila mara, na yanaumiza, kwa sababu shehena moja iliyorudishwa inatosha kumaliza mtaji wa mzalishaji mdogo.

Mwongozo huu unaanzia kwenye kutambua kiwango kinachokuhusu na kuishia baada ya kupata cheti. Nimechukua sabuni ya kipande kuwa mfano, maana kasoro zake nyingi unaweza kuziona mwenyewe ukiwa na mizani tu. Hatua zenyewe zinafaa pia kwa misumari, nyaya, viatu au mabomba.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

- Maelezo ya bidhaa kwa maandishi: ni nini, ni ya kazi gani, imetengenezwa kwa nini, inauzwa katika ujazo au uzito gani.
- Jina la kila soko unalolilenga. "Nje ya nchi" si soko. Taja nchi.
- Nakala halali ya kiwango, toleo linalotumika sasa. Nakala za kuokota mtandaoni mara nyingi ni rasimu au matoleo yaliyofutwa.
- Orodha ya malighafi na wasambazaji wake, pamoja na vyeti vya uchambuzi vinavyokuja na kila mzigo.
- Mizani na vipimo vingine vilivyohakikiwa, pamoja na karatasi za uhakiki huo.
- Daftari la uzalishaji lenye namba ya kila bechi, yaani kila mkupuo mmoja uliotengenezwa kwa malighafi na mazingira yaleyale.
- Mahali pakavu pa kutunzia sampuli.

Ukikosa daftari la bechi, usiendelee na kingine chochote kabla hujalianzisha. Hatua karibu zote zinazofuata zinalitegemea.

## Hatua ya 1: Itambue bidhaa kwa jina la kisheria

Sheria haiangalii jina ulilolipa bidhaa yako. Inaangalia ni nini na inauzwa kwa matumizi gani.

Anza na namba ya HS, mfumo wa Shirika la Forodha Duniani wa kupanga bidhaa. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile katika nchi zote zinazoutumia, kisha kila nchi huongeza zake. Sabuni ziko chini ya 3401. Ya kipande inayotumika mwilini ni 3401.11, na nyingine za kipande ni 3401.19.

Tofauti hiyo si ya makaratasi tu. Katika Umoja wa Ulaya, kipande kinachouzwa kwa kuogea huhesabiwa kuwa kipodozi chini ya Kanuni namba 1223/2009. Hapo utadaiwa tathmini ya usalama, faili la taarifa za bidhaa, na mtu au kampuni iliyomo ndani ya Umoja inayowajibika kisheria kwa bidhaa hiyo. Kipande hichohicho kikiuzwa kwa kufulia kinahamia kwenye sheria nyingine, yenye masharti mengine. Neno moja kwenye lebo linaweza kukuhamisha kutoka sheria moja hadi nyingine.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuandika sentensi moja inayotaja bidhaa, matumizi yake, namba yake ya HS na nchi inakokwenda, na wakala wako wa forodha akakubaliana nayo.

## Hatua ya 2: Tenganisha la lazima na la hiari

Mkataba wa Vikwazo vya Kiufundi vya Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, unaotumika tangu 1995, umeweka mstari ulio wazi. Kanuni ya kiufundi ni ya lazima: bidhaa isiyoitimiza haiingii sokoni. Kiwango ni cha hiari, hadi pale sheria itakapokitaja au mnunuzi atakapokiandika kwenye mkataba.

Kwa hiyo jiulize maswali mawili, yote mawili. Serikali ya nchi ile inataka nini? Mnunuzi wangu anataka nini? Wengi hujibu la kwanza tu, kisha mali inavuka forodha salama na kukataliwa ghalani kwa mnunuzi, kwa sababu mkataba ulitaja kiwango kigumu zaidi.

Jibu la swali la kwanza unaweza kulipata bure. Kila nchi mwanachama wa shirika hilo inatakiwa kuwa na ofisi ya kujibu maswali kuhusu kanuni na viwango vyake. Tena upo mfumo wa mtandaoni uitwao ePing, unaokutumia taarifa nchi inapopendekeza kanuni mpya inayogusa bidhaa yako. Jisajili na uchague namba yako ya HS na nchi unazoziuzia. Kwa kawaida nchi hushauriwa kuacha siku 60 za kupokea maoni kabla ya kupitisha kanuni, na hizo ni siku za wewe kujiandaa, au hata kupinga kupitia taifa lako.

Ukikuta nchi inayonunua imechukua kiwango cha ISO au IEC, mashirika ya kimataifa yanayoandaa viwango, bila kukibadilisha, shukuru, maana kazi moja itakufungulia masoko mengi. Ndiyo faida kubwa ya viwango katika biashara: kipimo kilichofanyika upande mmoja kinaaminika upande wa pili, na mali haipimwi upya kila inapovuka mpaka.

Tahadhari: usichukue neno la mfanyabiashara mwenzako kuwa ndiyo kanuni. Huenda yeye anauza bidhaa inayoangukia kundi lingine.

## Hatua ya 3: Soma kiwango ukiwa na kalamu

Watu hufungua kiwango, wakakimbilia jedwali la masharti na kukifunga. Jedwali ni sehemu tu. Soma kwa mpangilio huu.

Kwanza upeo. Kifungu hiki kinasema kiwango kinahusu nini na, muhimu zaidi, hakihusu nini. Ukikuta bidhaa yako imetengwa hapo, simama na utafute kiwango kingine.

Pili marejeo ya lazima. Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Kiwango cha sabuni hakielezi chenyewe kila kipimo. Kinakutuma kwenye viwango vingine. Kwa mfano, ISO 685 inaeleza jinsi ya kupima jumla ya alikali na jumla ya mafuta, ISO 672 unyevu kwa njia ya tanuri, na ISO 456 alikali huru, yaani kemikali kali iliyobaki bila kugeuka sabuni. Rejeo lililoandikwa pamoja na mwaka linamaanisha toleo hilo tu. Lisilo na mwaka linamaanisha toleo la sasa, hata kama limetoka mwezi uliopita.

Tatu istilahi. Usizirukie. Neno "uzito" linaweza kuwa uzito wa kipande siku ya kufungashwa, au uzito ulioandikwa kwenye lebo, na hesabu ya asilimia hubadilika kulingana na kinachomaanishwa.

Nne ndipo masharti. Pigia mstari kila sentensi inayoamuru, na uweke alama tofauti kwenye kila inayopendekeza. Viwango vya ISO hutenganisha mambo haya kwa makusudi kabisa: la kuamuru likikosekana bidhaa imefeli, la kupendekeza likikosekana haijafeli.

Mwisho viambatisho. Vingine ni sehemu ya masharti na vingine ni maelezo tu, na kila kimoja hutaja aina yake juu kabisa.

Umefaulu ikiwa: una orodha ya masharti, kila moja likiwa na kikomo chake, njia yake ya kupimwa, na namba ya kifungu ulikolitoa.

## Hatua ya 4: Geuza kiwango kuwa karatasi ya kazi

Hii ndiyo hatua inayoamua mengi kuliko zote. Kiwango kimeandikwa kwa ajili ya bidhaa iliyokamilika, lakini fundi wako anafanya kazi na bidhaa ambayo bado haijakamilika. Ukimpa fundi kikomo kilekile cha kwenye kiwango, utafeli, na sabuni inaonyesha sababu yake vizuri.

Uzito. Sabuni iliyokatwa leo ina maji, na maji yanaondoka kadiri siku zinavyopita. Tuseme lebo inasema gramu 100 na sabuni yako hupoteza asilimia 10 ya uzito hadi kumfikia mnunuzi. Fundi akikata gramu 105 akidhani amejiwekea akiba, kipande kitafika na gramu 94.5. Kwa bidhaa zilizofungashwa, pendekezo la R 87 la Shirika la Kimataifa la Sheria za Vipimo, OIML, linaruhusu upungufu wa gramu 4.5 kwa kifurushi cha gramu 100, na ni vifurushi vichache tu vinavyoruhusiwa kuuzidi. Wakati huohuo wastani wa bechi nzima haupaswi kushuka chini ya uzito wa lebo. Hapa umefeli mara mbili: kila kipande kimepungua gramu 5.5, na wastani umeanguka. Fundi huyo alipaswa kukata gramu 115, ambazo baada ya kukauka zitabaki 103.5.

Jumla ya mafuta. Hili hupimwa kwa asilimia ya uzito, kwa hiyo maji yakiwa mengi asilimia inashuka ingawa mafuta hayajapungua hata tone. Kipande cha gramu 115 chenye gramu 75 za mafuta kina asilimia 65.2. Kikikauka hadi gramu 103.5, mafuta ni yaleyale lakini asilimia imepanda hadi 72.5. Ukipeleka sampuli mbichi unaifelisha sabuni nzuri. Rudi kwenye kiwango uangalie hesabu inafanywa juu ya uzito upi.

Alikali huru. Hii ndiyo inayochubua ngozi, na hapa usilegeze kitu. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki, ile alikali kali, yanachohitaji ili yageuke sabuni. Mafuta ya nazi yanahitaji nyingi zaidi: namba yake ya usaponifikaji, yaani kipimo cha kiasi hicho cha alikali, huwa kati ya 248 na 265, wakati ya mawese ni kati ya 190 na 209. Nazi ikipanda bei, fundi akapunguza nazi na kuongeza mawese huku kostiki akiiacha palepale, kostiki inayozidi inabaki ndani ya sabuni. Kwa macho huoni tofauti. Mchanganyiko ukibadilika, hesabu ya kostiki inaanza upya, bila kujadiliana.

Sasa andika karatasi moja kwa kila bidhaa. Kwa kila sharti weka kikomo cha kiwango, kisha lengo lako la ndani lililo gumu kidogo kuliko kikomo, nani anapima, anapima lini, na afanye nini akikuta nje ya lengo. Hilo la mwisho liandikwe wazi: simamisha, tenga, mwite fulani. Fundi asiachwe kuamua peke yake saa nne usiku.

Umefaulu ikiwa: mtu mgeni kazini anaweza kuichukua karatasi hiyo na kukuambia kama bechi iliyo mbele yake inaendelea au inasimama.

## Hatua ya 5: Hakikisha vipimo vyako vinasema kweli

Mizani inayokosea gramu tatu inaharibu hesabu zote za hatua ya 4. Ipeleke ikahakikiwe na wenye mamlaka au maabara ya ugezi, yaani inayohakiki vipimo, weka stika ya tarehe, na kila asubuhi pima uzito mmoja wa rejea na uuandike. Ukikuta imekosea, rudi nyuma hadi siku ya mwisho ilipokuwa sawa, na upime upya bechi zote zilizo katikati.

## Hatua ya 6: Chukua sampuli inayoisemea bechi nzima

Kuchagua vipande vilivyonyooka na kuvipeleka maabara ni kujidanganya. Cheti kitatoka kizuri, mali itapimwa tena ikifika, na majibu mawili yakitofautiana hakuna atakayekuamini.

Chukua kutoka mwanzo, katikati na mwisho wa mkupuo, na kutoka katoni za juu na za chini. Kama ukaguzi ni wa kasoro zinazoonekana, kama nyufa, chapa iliyofifia au kifungashio kilichopasuka, ISO 2859-1 inakupa idadi. Kwa mali ya vipande kati ya 1,201 na 3,200, katika kiwango cha kawaida cha ukaguzi, unachukua vipande 125. Kikomo cha ubora unaokubalika (AQL), yaani kiwango cha kasoro mnachokubaliana kukivumilia, kikiwa 1.0, unaipokea mali kwa kasoro 3 na unaikataa kwa 4. Kikiwa 2.5, unapokea kwa 7 na kukataa kwa 8.

Kikomo hicho kiandikwe kwenye mkataba kabla ya uzalishaji, siyo mali ikiwa bandarini. Na kielezwe kwa aina ya kasoro. Kasoro inayoweza kumdhuru mtu haiwekwi kundi moja na chapa iliyofifia.

Gawanya sampuli mara tatu: ya maabara, ya mnunuzi akitaka, na ya kwako. Zifunge, zitie lakiri, ziandike namba ya bechi na tarehe. Ya kwako itunze hadi muda wa matumizi ya bidhaa upite. Mgogoro ukizuka, hiyo ndiyo shahidi wako.

## Hatua ya 7: Chagua maabara kwa wigo wake wa ithibati

Maabara inayofaa ina ithibati, yaani uthibitisho rasmi wa umahiri wake, ya ISO/IEC 17025. Lakini cheti cha ithibati kilichotundikwa ukutani hakitoshi. Omba wigo wa ithibati, ile orodha ya vipimo ambavyo maabara imethibitishwa kuvifanya. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya kupima maji na isiwe nayo kwa sabuni. Majibu yaliyo nje ya wigo yanaweza kukataliwa, hata kama kipimo kimefanywa vizuri.

Uliza pia kama aliyetoa ithibati yumo kwenye makubaliano ya kimataifa ya kutambuana yaliyoanzishwa chini ya ILAC, ushirika wa kimataifa wa vyombo vinavyotoa ithibati kwa maabara. Ndiyo yanayoifanya ripoti ya nchi moja ikubalike katika nchi nyingine.

Kabla ya kukabidhi sampuli, andika ombi lenye mambo haya: namba ya kiwango na mwaka wa toleo, vipimo unavyotaka, njia ya kila kipimo, namba ya bechi, na kanuni ya uamuzi. Hiyo ya mwisho inahitaji maelezo. Hakuna kipimo kisicho na shaka. Kama kikomo cha chini ni asilimia 76 na jibu ni 76.3, huku kipimo chenyewe kikiweza kukosea 0.8 juu au chini, je, bidhaa imefaulu? Maabara nyingine itasema ndiyo, nyingine itasema haiwezi kuthibitisha. Kubalianeni mapema. Na lile lengo la ndani la hatua ya 4 ndilo linalokuepusha na mashaka haya.

Ikifeli: usipeleke sampuli nyingine haraka ukitumaini bahati. Fungua daftari la bechi, linganisha na sampuli uliyoitunza, tafuta chanzo kwenye malighafi, vipimo au muda wa kukauka, kirekebishe, tengeneza bechi mpya, kisha ndiyo upime.

## Hatua ya 8: Omba cheti kinachohitajika, siyo kinachosifika

Hapa watu wanachanganya nyaraka nne.

Ripoti ya maabara inasema sampuli ile, siku ile, ilikuwa hivi. Cheti cha bidhaa, kinachotolewa na chombo kinachofuata ISO/IEC 17065, kinasema bidhaa yako inakidhi kiwango na uzalishaji wako utaendelea kufuatiliwa. Alama ya ubora kwenye kifungashio huja kwa njia hii. Cheti cha ukaguzi wa shehena kinahusu mzigo mmoja tu. Cheti cha mfumo, kama cha ISO 9001, kinahusu namna unavyoendesha kazi, na hakisemi lolote kuhusu sabuni iliyomo ndani ya boksi.

Kwa hiyo usichapishe ISO 9001 kwenye kifungashio kana kwamba ni alama ya ubora wa bidhaa. Na ukikutana na anayekuuzia "cheti kutoka ISO", mkwepe. ISO, yenye makao Geneva, huandaa viwango na haitoi vyeti kwa mtu yeyote.

Mkaguzi akija, muonyeshe karatasi ya kazi, daftari la bechi, karatasi za mizani na sampuli zilizotunzwa. Achague bechi yoyote, nawe uifuate kutoka malighafi hadi mnunuzi mbele ya macho yake.

## Hatua ya 9: Linganisha lebo na nyaraka, neno kwa neno

Weka mezani lebo, ripoti ya maabara, cheti, ankara na orodha ya upakiaji. Jina la bidhaa liwe lilelile kwenye zote. Uzito uwe uleule. Namba za bechi kwenye ripoti ziwe ndizo zilizo kwenye katoni. Toleo la kiwango kwenye cheti liwe ndilo lililo kwenye mkataba. Mpe kazi hii mtu asiyeandaa nyaraka hizo, kwa sababu aliyeziandaa husoma alichokusudia, siyo kilichoandikwa.

Fanya hivi kabla ya kufunga kontena. Kurekebisha lebo kwenye ghala lako ni kazi ya siku moja. Kuirekebisha bandarini ugenini, huku gharama za uhifadhi zikipanda kila siku, huenda isiwezekane.

## Hatua ya 10: Linda ulichokipata

Cheti kinahusu bidhaa kama ilivyokuwa ilipopimwa. Ukibadilisha msambazaji wa mafuta, mchanganyiko, mashine au kifungashio, andika badiliko hilo, lipime kwa bechi ndogo, na umjulishe aliyekupa cheti kabla ya kuuza.

ISO hupitia kila kiwango chake angalau mara moja kwa miaka mitano, na nchi nazo zina ratiba zao. Chagua tarehe moja kwa mwaka uingie kwenye orodha ya viwango uone kama toleo lako bado linatumika. Likibadilika, weka matoleo mawili sambamba, pigia mstari tofauti, na urudi hatua ya 4 na karatasi mpya ya kazi kabla bechi inayofuata haijaanza.